Mama Jeli wa Chumba Namba Sita

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake na marafiki wote mliofika, poleni na safari, poleni na jua, na poleni na msiba huu ambao si wa nyumba yetu peke yake. Familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa pekee, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na kabla sijaanza naomba mambo mawili. Kwanza mnivumilie nikisimama kila baada ya mistari michache kunywa maji, wanaonifahamu kwa jina la Chupa wanajua sababu na wasionifahamu wataijua hivi punde. Pili, msiyatazame macho yangu makavu mkadhani huyu amekuja kuzika jirani, kwa maana macho yangu hayajui kutoa machozi tangu nilipozaliwa, na aliyekuwa akilia kwa niaba yangu ndiye aliyelala hapo mbele.

Dada alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Aprili 1961, saa moja asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile aliyokuja kuifanyia kazi maisha yake yote, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu fundi cherehani na mama yetu aliyefua mashuka ya hospitali hiyo kwa miaka ishirini na minane. Mimi nilifuata tarehe 12 Novemba 1966, na mama alikuwa akisema kwamba siku niliyoletwa nyumbani dada alinikagua kuanzia kisogo hadi kidole cha mwisho cha mguu, akahesabu vidole, akafunua masikio, kisha akatangaza kuwa nimekamilika. Tulimtania kwa hilo mpaka juzi, tukimwambia kwamba ule ndio ulikuwa uchunguzi wake wa kwanza na ndio alioukosea kuliko yote.

Tulikulia katika nyumba ya vyumba viwili ambayo sebule yake ilikuwa ndiyo karakana ya baba, cherehani mbili zikitazama dirishani, na kazi ya watoto ilikuwa kumtungia baba uzi kwenye sindano za mkono kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Kila anayeshona anajua kwamba uzi unataka kuloweshwa kidogo kwa mate ndipo unyooke na kuingia tunduni, na mimi nilikuwa nauweka mdomoni, nauzungusha, nautoa, unatoka mkavu kama ulivyoingia, na baba akidhani ni kiburi cha mtoto asiyetaka kazi. Dada alikuwa ananyoosha mkono chini ya meza, anauchukua uzi ule, anaupitisha ulimini mwake na kunirudishia kabla baba hajainua kichwa, na jambo hilo alilifanya kwa miaka mingi bila kumwambia mtu. Mpaka leo nikiona uzi uliolowa naona mkono wake chini ya ile meza.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kumaliza mwaka 1974, na nilipoingia darasa la kwanza mwaka 1973 yeye alikuwa la sita. Nilipata mwalimu mwenye sheria moja kubwa, kwamba maji hayanywewi darasani, na mimi nikisimama kusoma kwa sauti ulimi ulinata juu kinywani, maneno yakakwama, darasa zima likavunjika mbavu kwa kicheko. Dada alipopata habari hizo alianza kuomba ruhusa darasani kwake kila saa, anashuka ngazi, anabisha hodi kwetu na chupa ameificha nyuma ya mgongo, anasema, "Shikamoo mwalimu, naomba kumwona mdogo wangu, nina ujumbe wa mama," na mwalimu akashangaa mama gani huyu mwenye ujumbe mara sita kwa siku. Alipogundulika alipewa adhabu ya kufagia uwanja wa shule kwa muhula mzima, akafagia, na chupa ikaendelea kuja, ndipo watoto wakanipa jina nililo nalo.

Naomba mnielewe vizuri hapa, sitii chumvi. Mkate mkavu kwangu ulikuwa kama kutafuna karatasi, kiini cha yai la kuchemsha kilinikaba, na watu wanaposema fulani anamezea mate kitu fulani, mimi sijawahi kumezea mate kitu chochote duniani. Meno yalianza kuoza nikiwa na miaka sita, na nilipofika kumi na minne yalikuwa yamebaki tisa, nikaitwa mchafu, nikaitwa mvivu wa mswaki, na mama akaambiwa machoni pake kwamba hajui kulea. Walinipima minyoo, walinipima kisukari mara tatu kwa sababu ya kunywa maji mengi, wakanipa vidonge vya vitamini vya rangi zote, na kila mara daktari alikuwa akichungulia mdomoni, anasikitika, anaandika kwamba kila kitu kingine ni cha kawaida.

Dada alimaliza sekondari Novemba 1978, na walipomwuliza anataka kusomea nini alijibu kwamba anataka kazi ya kuona ndani ya watu bila kuwapasua, jibu ambalo lilimfanya baba ashike tama siku mbili. Aliingia chuo cha mionzi tarehe 7 Januari 1980, akahitimu Desemba 1983 akiwa wa pili darasani, na Februari 1984 akaajiriwa kwenye kitengo cha eksirei cha hospitali alikozaliwa, akipiga picha za mifupa na vifua, akijulikana kwa kuwaambia wagonjwa, "Vuta pumzi, ishike, usiniibie," na wao wakicheka picha inaharibika, inarudiwa.

Ni hapo kitengoni alipokutana na shemeji yangu, fundi umeme wa hospitali, aliyekuwa akiitwa kila wiki kubadilisha ile taa nyekundu ya juu ya mlango wa eksirei, na baada ya ndoa ndipo alipokiri kwamba taa ile haikuwa na ubovu wowote, alikuwa anailegeza mwenyewe akiondoka ili apate sababu ya kurudi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1987, ambaye leo ni fundi bomba, na wa kike aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1990, mwalimu wa chekechea. Wapwa zangu, mama yenu alikuwa akiniambia kwamba nyinyi ndio picha zake mbili zilizotoka vizuri mara ya kwanza, na mara nyingine aliongeza kwamba ya baba yenu ilitoka na ukungu kidogo. Shemeji anatikisa kichwa, anajua kwamba ni kweli.

Sasa nafika mahali ambapo baba mdogo, aliyeketi hapa mbele, aliniomba jana usomaji huu uruke, akisema kwamba msibani si mahali pa kuanika makosa ya marehemu. Baba mdogo, shikamoo, na unisamehe, kwa sababu siku ya Jumapili, tarehe 25 Agosti mwaka huu, dada alinishika mkono pale kitandani akaniapisha kwamba kosa lake litasomwa mbele ya watu, neno kwa neno, akasema, "Ukiliruka nitaketi jenezani, watu wakimbie, na aibu iwe yako." Mimi dada namfahamu, hana dogo, kwa hiyo nasoma.

Septemba 1992 alichaguliwa kwenda kusomea ultrasaundi katika mji mwingine, ile mashine inayoona ndani kwa mawimbi ya sauti, na mimi nilikuwa nimeshahamia mji huohuo, nikiwa na kibanda changu cha ushonaji. Chuo kiliwaruhusu wanafunzi kufanya mazoezi kwenye mashine kuukuu kila Jumamosi, kwa sharti kwamba kila mmoja aje na mtu wake wa kupimwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kupakwa ile jeli baridi shingoni bure, mtu wake nilikuwa mimi. Nilikwenda Jumamosi ishirini na tatu, nikilala kwenye kitanda cha mpira, dada akinitembezea kile kichwa cha mashine taratibu kuanzia sikioni hadi chini ya taya, akichora anachokiona katika daftari lenye jalada la kijani. Mkufunzi wao alikuwa bingwa wa mimba na ini, shingo haikumshughulisha, na tezi za mate aliwafundisha nusu saa siku ya Ijumaa kwa picha iliyorudufiwa mpaka ikawa kama wino uliomwagika. Kwa hiyo dada aliamua kujitengenezea ramani yake mwenyewe ya shingo ya mtu mzima, aliichora vizuri sana, na juu ya ramani ile, kwa herufi kubwa, aliandika KAWAIDA.

Alirudi hospitalini akapewa Chumba Namba Sita, Jumatatu, tarehe 19 Julai 1993, na ndani ya siku tisa alipima watu watano waliotumwa kwa maumivu ya shingo na taya. Akalinganisha kila mmoja na daftari lake la kijani, akaona kwa kila mmoja kitu kizito cha kijivu mbele ya masikio na chini ya taya ambacho ramani yake haikuwa nacho, akaandika majibu matano kwamba tezi zimevimba pande zote, na mmoja kati ya hao alikwishaandikiwa siku ya kupasuliwa. Daktari mkuu wa picha, mzee wa maneno machache, alimwita na karatasi zote tano mkononi akamwuliza, "Mji mzima umevimba?" Kisha akavua miwani, akapanda mwenyewe kitandani, akajipaka jeli shavuni, akamwambia apime, na kile kitu cha kijivu kikatokea kwenye kioo, laini, kimetulia mahali pake. "Na mimi nimevimba?" akauliza.

Dada akamfuta jeli shavuni. Mzee hakumfokea, alimuuliza tu huyo mtu wake wa kawaida alimtoa wapi, naye akafungua daftari la kijani, na mzee akaiangalia ramani ile kwa muda mrefu, akafuata mistari kwa kidole, hapa msuli, hapa mafuta, hapa mshipa, hapa mafuta tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mtu yuko hai?" Dada akajibu, "Yuko hai, ni mdogo wangu, anashona nguo."

Mate, ndugu zangu, hayatoki hewani. Yanatengenezwa na tezi, kubwa zikiwa mbili mbele ya masikio na mbili chini ya taya, ukiacha zile za chini ya ulimi na vijitezi vidogo vilivyotawanyika kinywani, na mara chache sana mtoto huzaliwa wakati mojawapo au zote hazikuumbwa, na tezi za machozi pengine nazo zisiumbwe. Ijumaa, tarehe 30 Julai 1993, katika Chumba Namba Sita, dada na mzee wake walinipima kwa saa nzima, wakaangalia kulia, wakaangalia kushoto, wakanigeuza, wakarudia, hawakuona hata moja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, meno sita mdomoni, na maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kwamba ni mchafu. Mzee aliponieleza nilicheka kwa furaha, lakini dada aliketi kwenye kiti chake cha kupimia akalia kwa sauti, akisema, "Jumamosi ishirini na tatu nimeangalia pale pasipo na kitu nikaandika kawaida." Nilimwambia alie na machozi yangu palepale, kwa kuwa mimi siwezi, akalia ya wote wawili.

Wale watano walirekebishiwa majibu siku hiyohiyo, aliyeandikiwa kisu akaenda nyumbani na shingo yake, na hakuna aliyedhurika. Lakini yeye hakujisamehe, na katika kutojisamehe huko ndiko kulikozaliwa kazi yote mnayomsifu nayo. Alichukua kipande cha boksi la filamu za eksirei akaandika kwa kalamu nyeusi, akakibandika ukutani juu ya mashine, na kipo mpaka leo: "Kawaida si jibu. Andika ulichotafuta. Andika ulichoona. Kisichokuwepo nacho kiandikwe." Mwanafunzi yeyote aliyeingia Chumba Namba Sita ilimpasa kupima watu baki kumi kwanza kabla hajamgusa ndugu yake, na aliyeuliza kwa nini alioneshwa daftari la kijani, ukurasa ule wenye herufi kubwa, bila kufichwa kitu. Vijana walimwogopa wiki ya kwanza, wiki ya pili walikuwa wanamwita Mama Jeli, kwa sababu alikuwa anapasha ile chupa ya jeli kwenye beseni la maji moto ili isimshtue mgonjwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja aligundua watu kumi na mmoja ambao tezi zao hazikuumbwa, au ziliumbwa zikakaa mahali pasipo pake, na madaktari walio hapa ni mashahidi. Nitamtaja mmoja tu, msusi wa miaka kumi na tisa aliyekuja mwaka 2004 na uvimbe chini ya taya ya kulia, ameshaambiwa kwamba lazima ukatwe, na dada kabla ya kuuangalia uvimbe alihamia kwanza upande wa kushoto, ambako hakuna aliyemtuma, akakuta patupu. Tezi ya kulia ilikuwa imenenepa kwa sababu ilikuwa ikifanya kazi ya mbili, na kama wangeikata binti yule angebaki na kinywa kama changu, kwa hiyo dada alipanda ghorofani na karatasi mkononi, na koti lake lina jeli, akasimama mlangoni pa chumba cha upasuaji mpaka mtu akamsikiliza. Msusi huyo leo ana saluni yake mwenyewe, na ndiye aliyezisuka nywele za dada kwa safari hii.

Kuhusu mimi mwenyewe, nilikuwa nimekata shauri kwamba sitaoa, kwa kuwa mzee wa picha aliwahi kutuambia kwamba jambo hili linaweza kwenda kwa watoto, na sikutaka mtoto wangu abebe chupa. Kulikuwa na mwanamke, muuza vifungo na vitambaa, aliyenisubiri miaka minne huku nikizungukazunguka, mpaka siku moja mwaka 1999 dada akaingia kibandani kwangu, akazima cherehani kwa mkono wake, akasema, "Oa, mjinga wewe. Mtoto wako nitamwangalia mwenyewe, na mjukuu wako nitamwangalia mwenyewe, nikikuta hakuna nitakwambia hakuna, na tutajua la kufanya." Nilioa kwa ahadi hiyo, tarehe 20 Novemba 1999, na mke wangu anajua kwamba katika ndoa yetu kulikuwa na saini ya mtu wa tatu.

Binti yangu alizaliwa tarehe 3 Machi 2001, na alipotimiza wiki sita shangazi yake alimpima kama alivyoahidi, akakuta tezi mbili za chini ya taya zipo, ndogo, na zile za mbele ya masikio hazipo, akanitazama usoni akaniambia hazipo. Tukajua la kufanya. Maji tangu siku ya kwanza, daktari wa meno kila baada ya miezi mitatu, barua kwa kila mwalimu iliyoandikwa na shangazi mtu kwa lugha ambayo hakuna mwalimu aliyethubutu kuibishia. Binti yangu ana miaka ishirini na mitatu leo, simama kidogo mama, wakuone, na meno yote aliyoota yamo mdomoni mwake.

Dada alistaafu tarehe 9 Aprili 2021 alipotimiza miaka sitini, akaendelea kwenda Chumba Namba Sita kila Jumanne na Alhamisi, akisema kwamba nyumbani hakuna cha kupima isipokuwa shemeji. Jumanne, tarehe 20 Februari mwaka huu, alipomaliza mgonjwa wa mwisho alifunga mlango, akajilaza mwenyewe, akajipaka jeli tumboni kwa sababu ya maumivu aliyokuwa ameyaficha tangu mwezi wa Desemba, akaona uvimbe kwenye kongosho. Alijiandikia ripoti yake kwa kanuni yake, alichotafuta na alichoona, akaipeleka kwa daktari kwa miguu yake, ndipo akanipigia simu. Aliniambia bila kuzunguka, kisha akauliza binti yangu ana mimba ya miezi mingapi, nikamwambia mitatu, nikasikia anahesabu upande wa pili wa simu.

Alitibiwa kwa dawa za saratani kuanzia Machi, akapungua, akapata nafuu Juni, akapungua tena. Mjukuu wangu, mtoto wa kiume, alizaliwa Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2024, na Alhamisi iliyofuata dada alikuja Chumba Namba Sita akisaidiwa kutembea, akafungua daftari la miadi, akaandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wa Jumanne, tarehe 17 Septemba, saa tatu asubuhi: "Mjukuu wa Chupa, wiki sita. Nitamwangalia mwenyewe." Tulimsihi amwangalie palepale, mtoto alikuwepo, mashine ilikuwepo, akakataa katakata, akasema kwamba kwa mtoto wa siku tatu tezi ni ndogo mno na mtu anaweza kuandika anachokitamani badala ya anachokiona, na yeye hawezi kukosea mara mbili katika familia moja. Alilazwa tarehe 2 Septemba, na kila nilipokuwa nikiingia wodini swali lake lilikuwa moja, kama Jumanne imefika.

Alhamisi iliyopita aliniambia, "Nisipokuwepo msiahirishe," akamwagiza hivyohivyo binti aliyemrithi Chumba Namba Sita, aliyekuwa mwanafunzi wake kwa miaka tisa. Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, dada alitutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi mitano na siku tano. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Wengi wenu mlituona jana asubuhi tukitoka katika nyumba ya msiba na mtoto mchanga, mkanong'ona, na mlikuwa na haki. Tulikuwa tunakwenda kwenye miadi. Yule binti wa Chumba Namba Sita alikuwa amepasha jeli, akapiga moyo konde, akapima kwa muda mrefu kuliko nilivyopimwa mimi, na ripoti yake naisoma yote kwa sababu ni fupi. "Nimetafuta tezi ya mbele ya sikio la kulia, nimeiona. Nimetafuta tezi ya mbele ya sikio la kushoto, nimeiona. Nimetafuta tezi ya chini ya taya, kulia, nimeiona. Nimetafuta tezi ya chini ya taya, kushoto, nimeiona." Binti yangu alipiga ukelele, na mimi niligeuka haraka kumwambia mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia, nikageuka kabisa, mdomo wazi, na nyuma yangu alikuwepo shemeji peke yake, ameshika kofia.

Familia inawashukuru madaktari wa saratani kwa kumwambia ukweli kila alipouliza, wauguzi wa wodi ya wanawake walioweka kitanda chake karibu na dirisha, wafanyakazi wa kitengo cha picha waliokuja kwa zamu kumsomea majibu ya wagonjwa ili asichoke kwa kukaa bure, na majirani wa mtaa wetu kwa viti, kwa turubai, kwa masufuria na kwa kutotuacha peke yetu hata saa moja. Msusi wetu, asante. Binti wa Chumba Namba Sita, asante, umeandika ulichoona.

Nilifikiri hapa ndipo nitakapofunga karatasi, lakini kanuni ya chumba kile ni kanuni, na mimi ndiye mgonjwa aliyeianzisha. Leo ni Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024. Nimetafuta mkono wangu wa kulia, pale alipokuwa akisimama na chupa kila niliposimama kusema mbele za watu, sikumwona, chupa nimebeba mwenyewe. Nimetafuta Chumba Namba Sita, kiti kipo, beseni lipo, koti jeupe lipo nyuma ya mlango, mwenyewe sikumwona. Nimetafuta mtu wa kulia ya kwangu, sijamwona bado.

Dada, gauni ulilovaa nimelishona mimi, na jana alasiri ulikuwa umebaki upindo wa chini, ule unaoshonwa kwa mkono. Uzi ukakataa kuingia, kikombe changu cha maji kilikuwa mbali, na mjukuu alikuwa amelala begani pangu, ameshanilowesha shati lote kwa udenda, nikaupitisha uzi kwenye kidevu chake, ukanyooka, ukaingia mara moja. Upindo huo unakwenda nao. Kapumzike sasa dada, Jumanne ilifika, na tumemwangalia.